Kutu Inayoanzia Kwenye Mshono

Barua zilizotufikia hivi karibuni kutoka Malindi na Lamu zinalalamikia jambo moja kwa namna tofauti: chuma kilichonunuliwa kwa bei kubwa kwa sababu hakishiki kutu, au kilichotiwa zinki ili kisishike kutu, kinaanza kuliwa pale pale kilipochomelewa. Nimechagua barua tatu. Mbili za kwanza nimezijibu kwa urefu, kwa kuwa zinagusa mambo ambayo mafundi wetu wengi hawakupata nafasi ya kuyasoma. Ya tatu ni fupi.

SWALI: Assalaam alaikum, mwandishi wetu. Nina nyumba ya ghorofa upande wa Casuarina, Malindi, inayotazama bahari. Niliweka reli za baraza za stenlesi, nikaambiwa nisahau habari ya rangi na kutu. Kabla masika hayajaisha reli zilikuwa zimeanza kuharibika. Bomba lenyewe linang'aa, lakini kila mahali nguzo ilipoungana na reli pana utepe wa samawati na zambarau, na ndani ya utepe huo, hasa upande wa chini, pana vitundu vyeusi visivyozidi ncha ya sindano, kila kimoja kimetoa mchirizi wa kahawia unaoteremka kwenye nguzo. Fundi anasema mali ni halisi kwa kuwa sumaku hainasi. Jirani yangu anasema nimeuziwa mali bandia. Nani msema kweli? – Mwenye nyumba, Malindi

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu yangu. Ungekuwa umeuziwa bomba bovu, kutu ingetokea popote kwenye urefu wake, wala isingejikusanya kandokando ya mishono. Kwa maelezo yako bomba limesalimika na maungio ndiyo yaliyoharibika, kwa hiyo ni lazima tutazame kilichotendeka siku ya kuchomelea.

Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromi isiyopungua asilimia 10.5. Kromi hiyo ikikutana na oksijeni ya hewani hufanya utando wa oksidi ambao unene wake ni nanomita chache tu, na utando huo ndio unaokikinga chuma dhidi ya maji na chumvi. Ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe, mradi kromi iliyo chini yake inatosha na hewa inafika. Stenlesi ya namba 304, ambayo ndiyo hutumika sana kwa reli za nyumba, ina kromi asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8 hivi. Ile ya namba 316 ina kromi iliyopungua kidogo, nikeli zaidi, na molibdeni asilimia 2 hadi 3, na hiyo molibdeni ndiyo inayoipa nguvu ya kustahimili chumvi ya bahari.

Utepe wa samawati na zambarau uliouona ni oksidi nene iliyoota wakati chuma kilipokuwa cha moto na hewa ikakifikia. Rangi huanza na manjano hafifu, ikaingia kahawia, kisha zambarau na samawati, kadiri joto lilivyopanda. Wateja wengi huipenda, na wako mafundi wanaoiacha makusudi kama pambo, lakini ni kasoro, na kwa nyumba inayopigwa na upepo wa kusi ni kasoro kubwa. Kromi iliyojenga oksidi hiyo imetolewa katika chuma kilicho chini yake, na hivyo chini ya utepe limebaki tabaka jembamba lenye upungufu wa kromi, wakati oksidi yenyewe ina nyufa na haiwezi kukinga kitu. Chumvi ikitua hapo hupenya na kuchimba kuelekea ndani. Vile vitundu vyeusi ndiyo midomo ya mashimo hayo, na kwa kawaida shimo lililo ndani ni pana kuliko mdomo wake.

Liko jambo la pili ambalo ningemwuliza fundi wako: brashi aliyosafishia mishono aliitumia wapi kabla ya hapo? Katika mabanda yetu mengi brashi ya waya ni moja, na waya zake ni za chuma cheusi, yaani chuma cha kawaida kisicho stenlesi. Asubuhi imesugua geti, mchana inasugua stenlesi. Diski ya grainda nayo ni hiyo hiyo. Kila msuguo huacha vichembe vya chuma cheusi vilivyojikita kwenye uso wa stenlesi. Vichembe hivyo hushika kutu katika siku chache, na chini yake utando wa kromi hushindwa kujirudisha. Fundi anayefanya kazi za stenlesi anapaswa kuwa na brashi yenye waya za stenlesi na diski zake za pekee, azitie alama, wala asimwazime mtu hata kwa dakika moja.

Utasikia pia maelezo ya tatu, kwamba joto la kati ya nyuzi za Selsiasi 450 na 850 huifanya kaboni iliyomo katika stenlesi ikamate kromi kwenye mipaka ya chembe za chuma, na kuacha mistari isiyo na kinga sambamba na mshono. Maelezo hayo ni ya kweli na nitayarudia katika jibu linalofuata, lakini sidhani kwamba ndiyo yaliyokupata. Bomba la reli lina ukuta mwembamba, hupoa upesi, na halikai katika joto hilo kwa muda wa kutosha. Nataja jambo hili kwa sababu nimeona watu wakishauriwa kung'oa reli nzima kwa hoja hiyo, gharama ambayo haikuhitajika.

Kwamba upande wa chini ndio ulioharibika zaidi si ajabu. Upande wa juu huoshwa na mvua. Wa chini hupokea chumvi ile ile inayopeperushwa na upepo lakini hauoshwi, na umande wa usiku huilowesha chumvi hiyo kila siku. Kwa sababu hiyo reli iliyo ndani ya baraza yenye paa huweza kuchafuka mapema kuliko ile iliyo wazi kabisa.

Dawa ipo. Sehemu zote zenye rangi zisuguliwe kwa msasa au diski laini mpaka rangi yote iondoke na chuma kizima kilicho chini kionekane, pamoja na vitundu vyote, kisha uso ulainishwe zaidi kwa msasa mwembamba, kwa maana mikwaruzo mikubwa huhifadhi chumvi. Baada ya hapo ipakwe asidi ya sitriki iliyotengenezwa kwa kazi ya kusafishia stenlesi, ili iyeyushe vichembe vya chuma cheusi vilivyobaki, na ioshwe kwa maji matamu mengi. Asidi hiyo peke yake haiondoi rangi ya joto wala tabaka lenye upungufu, kwa hiyo asije mtu akakuuzia dawa ya kupaka tu bila kusugua. Viko vibandiko vyenye asidi ya nitriki na ya hidrofloriki ambavyo huondoa vyote viwili kwa pamoja na hufanya kazi vizuri sana, lakini asidi ya hidrofloriki hupenya ngozi na kudhuru mpaka mfupani, na sipendi kuiona mikononi mwa mtu asiye na mafunzo na vifaa vya kujikinga. Baadaye zioshe reli kwa maji matamu mara kwa mara, na usisahau upande wa chini.

Ama sumaku, haimsaidii fundi wako wala jirani yako. Haivuti 304, haivuti 316, na haivuti 201 ambayo ni rahisi na dhaifu zaidi kwa chumvi, kwa kuwa sehemu ya nikeli yake imebadilishwa na manganizi. Tena ukiisogeza kwenye mshono ulio mzuri kabisa inaweza kuvuta kidogo, kwa maana rodi nyingi za stenlesi zimeundwa ili ziache kiasi kidogo cha feriti, aina ya chuma inayovutwa na sumaku, kinachozuia mshono usipasuke unapopoa. Namba ya bomba hujulikana kwa karatasi ya kiwanda au kwa kipimo cha kemikali. Na kama reli zako ni za 304, basi hata zikisafishwa vizuri zitahitaji kuoshwa daima. Kwa nyumba iliyo karibu na mawimbi namna hiyo mimi ningenunua 316 tangu mwanzo.

SWALI: Shikamoo, maalim. Mimi ni fundi wa boti hapa Lamu. Nimepata kazi ya kutengeneza tangi la maji ya kunywa la boti ya abiria, kwa bamba za 316L zenye unene wa milimita 4. Nina mashine ya rodi inayotumia jenereta, na kazi yangu ni safi. Mwenye boti anataka ichomelewe kwa TIG, ile ya ncha ya tungsteni na gesi ya agoni, la sivyo atapeleka bamba Mombasa, kwa kuwa ameambiwa mshono wa rodi hushika kutu. Mwenzangu ana mashine ya MIG, ile inayosukuma waya yenyewe, yenye gesi ya kaboni dayoksaidi na ameniambia niitumie. Pia ninazo rodi za 308L zilizobaki kwenye kazi nyingine. Nifanye nini? – Fundi wa boti, Lamu

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nimefurahi kwamba umeuliza kabla hujawasha mashine. Mwenye boti ana haki kwa sehemu, lakini si kwa sababu aliyopewa.

Watu hudhani mshono wa rodi hushika kutu kwa kuwa rodi huingiza joto kubwa na TIG dogo. Tulipime. Joto linaloingia katika kila milimita ya mshono hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea, kisha kugawanya kwa kasi ya mkono. Rodi inayokwenda kwa ampea 100 na volti 24, fundi akisogeza milimita 150 kwa dakika, hutoa jouli 960 kwa milimita. TIG ya ampea 90 na volti 12 ni moto mdogo, lakini mkono huenda taratibu, na kwa milimita 60 kwa dakika hutoa jouli 1,080. Sehemu ya joto hupotea hewani, zaidi kwa TIG kuliko kwa rodi, na mwishowe njia hizi mbili zinakaribiana sana. Kinacholeta tofauti kubwa ni tabia ya mkono. Fundi anayeichezesha rodi huku na huku ili apate mshono mpana hupunguza kasi, na joto linaweza kuongezeka maradufu. Vuta mishono myembamba iliyonyooka, na usianze mshono wa pili juu ya wa kwanza kabla bamba halijapoa chini ya nyuzi 150. Stenlesi hupitisha joto kwa theluthi moja hivi ya kiwango cha chuma cheusi, kwa hiyo joto hung'ang'ania pale pale ulipochomelea na mara nyingi huonekana limepoa kabla halijapoa.

Habari ya kaboni na kromi niliyoitaja juu ndiyo inayohusika hapa, kwa kuwa bamba lako ni nene na litapata mishono zaidi ya mmoja. Stenlesi ya kawaida inaruhusiwa kuwa na kaboni hadi asilimia 0.08, na ikikaa karibu na nyuzi 700 kwa dakika chache tu kromi huanza kukamatwa kwenye mipaka ya chembe. Herufi L iliyo mbele ya 316 inamaanisha kwamba kaboni haizidi asilimia 0.03, na kwa kiwango hicho madhara hayo huhitaji saa nyingi, muda ambao hakuna mshono wowote wa banda unaoufikia. Mwenye boti alifanya jambo la busara kununua 316L, na wajibu wako ni kutoirudisha kaboni ambayo kiwanda kimegharimika kuitoa.

Hii ndiyo sababu ya kuikataa ile mashine ya mwenzako kama ilivyo. Gesi ya kaboni dayoksaidi tupu huvunjika ndani ya moto na kuingiza kaboni katika mshono. MIG ya stenlesi hutumia agoni yenye nyongeza ndogo tu ya oksijeni au kaboni dayoksaidi, yapata asilimia 2, na waya wa stenlesi ya namba inayofaa. Waya wa chuma cheusi alionao yeye utakupa mshono mgumu unaopasuka na unaoshika kutu. Ziweke kando pia rodi za 308L. Hazina molibdeni, na ukizitumia juu ya 316L utakuwa umezungushia tangi mstari mwembamba ulio dhaifu kuliko bamba zilizo pande zote mbili. Eneo dogo dhaifu lililounganishwa na eneo kubwa lenye nguvu ndani ya maji yenye chumvi huliwa kwa kasi kubwa, kwa sababu uharibifu wote hukusanyika hapo. Nunua rodi za 316L na uzitunze pakavu kabisa. Unyevu wa Lamu huingia katika dawa iliyopakwa nje ya rodi, na rodi yenye unyevu huacha matundu ya hewa kwenye mshono. Zilizokaa wazi zikaushwe kwa joto lililoandikwa kwenye pakiti.

Mahali ambapo TIG inaishinda rodi kweli ni upande wa nyuma wa mshono. Fundi wa TIG akipitisha agoni ndani ya tangi wakati anachomelea kwa nje, mizizi ya mshono, yaani ule upande wake wa nyuma, hutoka safi na inang'aa. Bila gesi hiyo hutokea uvimbe mweusi wenye chengachenga, na huwezi kuuacha katika tangi la maji ya kunywa. Wewe unayetumia rodi unaweza kulitatua jambo hili kwa njia nyingine, kwa kuwa tangi la boti hupaswa kuwa na mlango wa kuingiza mkono, au hata mtu, kwa ajili ya kusafishia. Lichomelee kutoka nje kwanza, kisha kutoka ndani kwangua mizizi kwa grainda mpaka ufikie chuma kizima, na uchomelee upande wa ndani mwisho. Mpango huo una maana yake: upande utakaogusa maji usipashwe moto tena baada ya kukamilika.

Maungio yawe ya ncha kwa ncha, wala usipandishe bamba moja juu ya jingine kwa ndani, kwa kuwa ule ufa mwembamba kati ya bamba mbili hunasa maji yasiyopata oksijeni, na utando wa kromi hufa humo hata kwa 316. Kwa sababu hiyo hiyo mshono wa ndani uwe mmoja usiokatika, usio na kingo zilizochimbika. Usiwashe rodi kwa kuigonga juu ya bamba safi. Washia ndani ya mfereji wa mshono au kwenye kipande cha chakavu, kwa maana kila alama ya kuwashia ni kovu litakaloanza kuliwa. Gamba la rodi, yaani ukoko wa dawa unaoganda juu ya mshono, libanduliwe lote. Nasisitiza lote, hata lile lililojificha kwenye kona, kwa sababu maji huingia chini yake na kukaa, na hapa ndipo mishono mingi ya rodi inapopata sifa mbaya isiyoistahili. Cheche zilizoganda pembeni zitolewe, rangi ya joto isuguliwe, na ndani kote kusafishwe kama nilivyomweleza msomaji wa Malindi.

Ukilijaribu tangi kwa maji, tumia maji ya mvua kutoka kwenye jabia na si ya kisima chenye chumvichumvi, sembuse ya bahari, kisha uyamwage siku ile ile na ulikaushe. Matangi mazuri yametoboka kwenye mishono kwa sababu ya maji ya majaribio yaliyoachwa ndani wiki kadhaa huku mwenye mali akingoja chombo kikamilike.

La mwisho kwako linahusu kifua chako. Moshi wa rodi za stenlesi hubeba kromi ya aina inayosababisha saratani, na ni mwingi kuliko wa TIG. Mwaka 2017 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani walikata shauri kuuweka moshi wa kuchomelea kwa jumla katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Usiingie ndani ya tangi bila feni inayovuta moshi kuutoa nje, barakoa inayofaa, na mtu anayekuangalia mlangoni. Kwa wale wa TIG hatari nyingine ni agoni yenyewe, ambayo ni nzito kuliko hewa, haina harufu, na hujaa chini ya tangi ikamnyima mtu pumzi bila yeye kutambua.

Ukiweza kumwonyesha mwenye boti kipande cha majaribio kilichochomelewa pande zote mbili kwa 316L na kusafishwa mpaka hakina rangi, naamini hatakuwa na sababu ya kupeleka bamba Mombasa.

SWALI: Mwandishi, hujambo? Nimetengenezewa geti la mabomba ya galvanaizi, yaliyotiwa zinki, hapa Mambrui. Kwenye viungo limeanza kuwa jekundu kwa kutu ilhali mabomba hayajambo. Fundi aliumwa homa usiku ule wa kazi, akasema alisahau kunywa maziwa. Je, mambo haya mawili yana uhusiano? – Mama wa Mambrui

JIBU: Sijambo, mama, na nakushukuru kwa swali hili. Yana uhusiano wa moja kwa moja, kwa kuwa zinki iliyokosekana kwenye viungo ndiyo aliyoivuta fundi wako kifuani.

Zinki huyeyuka kwa nyuzi 419 na huchemka kwa nyuzi 907, wakati chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Hakuna njia ya kuchomelea, iwe rodi, MIG au TIG, inayoweza kuyeyusha chuma na kuiacha zinki iliyo juu yake. Kando ya kila mshono hubaki milimita kadhaa za chuma kitupu, na kwa hewa ya mwambao chuma kitupu hushika kutu upesi sana. Zinki iliyobaki jirani hukilinda kidogo kwa kujitoa yenyewe iliwe kwanza, lakini haiwezi kulinda eneo pana.

Mwambie fundi abandue gamba lote, asugue viungo mpaka chuma kiwe cheupe, apanguse mafuta, kisha apake rangi yenye unga mwingi wa zinki kwa mikono kadhaa, akipita kidogo juu ya zinki nzima iliyo pembeni. Kiwango cha kimataifa cha ISO 1461 hutaka sehemu zilizorekebishwa ziwe na unene wa angalau mikromita 100, ambao haupatikani kwa mkono mmoja wa brashi. Rangi ya fedha ya kawaida inayouzwa madukani hufanana nayo kwa macho lakini haina kinga hiyo, soma kopo. Angalia pia kama vipande vya mapambo vimeshikizwa kwa nukta nukta. Kama ndivyo, aijazie mishono hiyo izunguke kote kabla ya kupaka, la sivyo maji ya chumvi yataingia kwenye nafasi zilizoachwa na kutu itatoka chini ya rangi mpya.

Maziwa hayazuii homa ile wala hayaitibu. Kinachozuia ni kuiondoa zinki kwa kusugua kando ya kiungo kabla ya kuchomelea, kufanya kazi mahali penye upepo huku fundi akikaa upande ambao moshi haumwendei usoni, na kuvaa barakoa ya moshi wa madini. Homa hiyo huja saa chache baada ya kazi, pamoja na baridi na maumivu ya mwili, na kwa kawaida hupoa ndani ya siku moja au mbili. Kifua kikibana au pumzi ikawa nzito, aende hospitali na amweleze daktari kwamba alikuwa akichomelea galvanaizi.